Kaburi Lililogonga Saa Saba Mchana

Kaburi la mzee Byabato liligonga mara ya kwanza siku ya Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana, kikao cha ukoo kikiwa kimefika kwenye jina la Kobugabe.

Twesigye, fundi tailizi aliyelipamba kaburi hilo, hakuwepo. Lakini alisimuliwa na watu saba, na kila mmoja wa hao saba, kwa maneno yake mwenyewe, ndiye aliyekuwa amekaa karibu na kaburi kuliko wote. Ukoo ulikuwa uani, pale Isingiro, kwenye viti vya plastiki vya kuazima kanisani. Baba mdogo Nuwamanya, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa ukoo, alikuwa anasoma karatasi aliyoiacha mzee. Ng'ombe wakagawanywa, kimya. Nyumba ikabaki kwa mjane, mama Costansia, kimya. Kisha akasoma: "Kibanja cha juu ya barabara, chenye migomba na kahawa, apewe binti yangu Kobugabe, kwa sababu..."

Paa!

Tailizi mbili nyeusi katikati ya kaburi zilinyanyuka zikaegemeana kama kibanda cha mbuzi. Kuku wakakimbilia migombani. Mjomba mmoja naye akakimbilia migombani, na baadaye alieleza kwamba alikuwa anawarudisha kuku.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Deodatus, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwenye duka la jumla pale senta.

"Mzee amekataa," alisema.

Hakuna aliyesikia tena ile "kwa sababu" ilikuwa sababu gani. Kumbe ilikuwa ndefu: Kobugabe ndiye aliyemuuguza baba yake miaka minne, na kahawa yote ya juu ya barabara aliipanda yeye kwa mikono yake. Lakini miaka minne ni kitu gani mbele ya marehemu aliyejisemea mwenyewe? Kikao kiliahirishwa hadi Jumamosi inayofuata. Ikiwa mzee atarudia neno lake kabla ya hapo, kibanja kitakwenda kwa Deodatus, na Kobugabe ataendelea kulala chumba cha nyuma kwa mama yake.

Mzee alirudia Jumapili. Jumanne alirudia mara mbili. Kwa mtu ambaye enzi za uhai wake alikuwa mpole kiasi cha kumwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga, alikuwa amechangamka mno.

Jumatano Kobugabe akampigia simu Twesigye, nyumbani kwake Ndama.

"Fundi, baba anagonga."

"Anagonga wapi, dada?"

"Kaburini. Kwani baba yangu yuko wapi pengine?"

"Saa ngapi?"

Tangu Jumamosi watu walikuwa wamemuuliza Kobugabe alimkosea nini baba yake, na kama alikuwa na deni la sadaka. Saa hakuna aliyeuliza.

"Mchana. Saa saba, saa nane."

"Usiku?"

"Usiku kimya."

"Asubuhi, kukiwa na baridi?"

"Kimya. Fundi, wewe unauliza kama daktari."

Twesigye alikuwa amesimama. Akatafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa anaujua ugonjwa. Alikuwa anamjua hata aliyeuleta, maana kila Jumapili alimwona kwenye kioo akinyoa ndevu.

Ilikuwa hivi. Kaburi lile alilifanyia kazi mwezi wa nne, mvua zikinyesha, baridi ya Karagwe na Kyerwa ikiwa ile ya kumfanya mtu avae koti juu ya koti. Tailizi alizichagua Deodatus: nyeusi tii, zinang'aa. Deodatus ndiye aliyekata pia migomba yote iliyokuwa inatia kivuli pale, ili anayepita barabarani aone kwamba mzee hakuzikwa na watoto wa mchezo. Twesigye alipanga tailizi zake kwa pimamaji, akaacha mwanya upana wa kidole unaokata kaburi katikati, na mwingine ukizunguka kitako cha msalaba. Mianya hiyo angeijaza silikoni, ile inayobonyea kama fizi. Alikuwa anatafuta bomba la silikoni kwenye begi Deodatus alipotokea.

"Hii nini?"

"Mwanya, kaka. Tailizi ikipigwa na jua inatanuka, ikipata baridi inajikunyata. Lazima iwe na mahali pa kujinyoosha."

"Fundi, baba amekufa. Hapa nani anataka kujinyoosha?"

"Tailizi, kaka."

"Watu watasema nimeishiwa vifaa. Kaburi la baba yangu liwe na ufa siku ya kwanza? Jaza simenti nyeupe."

Sasa, fundi mwenye msimamo angekataa. Twesigye alikuwa na msimamo, ila alikuwa na habari pia: Deodatus ndiye katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa jipya lililokuwa linapanda upande wa Songambele, na sakafu ya kanisa lile ilikuwa kubwa kiasi kwamba fundi angeingia nayo Januari akatoka Pasaka. Msimamo ukapiga magoti. Akajaza simenti nyeupe. Akaijaza vizuri, akaikandamiza, akaifuta kwa sponji, akaisifia.

Sasa ulikuwa mwezi wa saba, jua la kiangazi likimwagika juu ya tailizi nyeusi zisizo na kivuli, na mzee Byabato, kwa mikono ya fundi wake, alikuwa amefungiwa barabara.

Jumamosi Twesigye alipanda bodaboda alfajiri, akafika Isingiro ukungu haujaondoka. Mama Costansia alikuwa anafagia uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumsikiliza?"

"Nimekuja kumpima, mama."

Akatoa sarafu mfukoni, akawa anagonga tailizi moja moja na kutega sikio. Nyingine zilijibu kwa sauti nzito, nyingine zilijibu kama debe. Kisha akaichukua moja ya zile zilizoruka, akaishusha kwenye tundu lake. Ikaingia. Akaitoa. Akairudisha tena, ikaingia tena. Mama Costansia alisimama na fagio lake akaangalia yote hayo, akaendelea kufagia.

Kobugabe alitoka jikoni na kikombe cha uji. Twesigye akamweleza habari nzima, akianzia kwenye jua na kumalizia kwenye simenti nyeupe.

"Kwa hiyo ni wewe uliyembana baba," Kobugabe alisema.

"Kaka yako aliagiza. Mwiko niliushika mimi."

"Na leo utayasema haya mbele ya ukoo?"

Twesigye akanywa uji. Ulikuwa wa moto, akautumia huo moto kama sababu ya kutojibu. Kobugabe akamtazama mpaka kikombe kikaisha, akakichukua.

"Ile kahawa ya juu," alisema, "mwaka huu ndiyo inazaa kwa mara ya kwanza."

Akaingia jikoni. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Saa nne Deodatus alifika, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi. Akamkuta Twesigye nyuma ya zizi, akamshika bega kirafiki.

"Fundi! Vizuri umekuja. Utaziba hizo zilizobanduka, mama asikae na aibu. Halafu Jumanne kamati inakaa kuhusu sakafu ya kanisa. Jina lako nimeliweka la kwanza."

"Asante, kaka."

"La pili ni kijana mmoja wa Kayanga. Hana mdomo yule. Kazi tu."

"Nimekuelewa, kaka."

Na alikuwa ameelewa. Asiyeelewa pale ni kuku tu.

Kikao kilifunguliwa saa sita na nusu kwa sala. Deodatus alisimama akaongea kwa huzuni nzuri. Alisema yeye hana haja na kibanja, maskini, ana duka. Ila nani anaweza kumpinga mzazi aliyesema mara nne? Watu wakatikisa vichwa. Kobugabe alikuwa amekaa mkekani pembeni ya mama yake, anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Twesigye akanyoosha mkono.

"Wewe ni nani katika ukoo huu?" aliuliza baba mdogo Nuwamanya.

"Mimi si wa ukoo, mzee. Mimi ni wa tailizi."

"Sema ya tailizi, basi."

Akasema. Sauti yake ilimtoka nyembamba kuliko alivyokusudia. Alieleza mwanya, alieleza mwezi wa nne na mwezi wa saba, na alipofika kwenye simenti nyeupe alisema, "Nilijua si sawa, nikaijaza. Niliogopa kukosa kazi nyingine. Anayegonga hapa si mzee. Ni kazi yangu mbovu."

"Fundi amekuja kuutetea mkono wake mbaya kwa kulisingizia jua!" Deodatus alisema. "Tailizi ngapi ziko Isingiro hii? Mbona za dukani kwangu hazigongi?"

"Za dukani kwako ziko ndani, kaka. Na ziko kwenye boksi."

Mtu mmoja akacheka, akageuza kuwa kikohozi.

Nuwamanya alikuwa amefanya kazi kwenye josho la ng'ombe miaka thelathini, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwake ng'ombe alikuwa ameogeshwa au hajaogeshwa.

"Onyesha," alisema.

Ukoo mzima ukahamia kaburini na viti vyake. Ilikuwa saa saba kasorobo, na juu ya zile tailizi ungeweza kukaanga yai. Twesigye akaichukua ile ya asubuhi, akaishusha kwenye tundu lake. Haikuingia. Ilikalia ukingo, ikagoma.

"Mama," alisema, "asubuhi iliingia, haikuingia?"

"Iliingia," alisema mama Costansia. "Mara mbili. Nilikuwa nafagia."

"Umeibadilisha!" Deodatus alisema.

"Jaribu wewe, kaka. Ni tailizi yako."

Deodatus akajaribu. Akaigeuza, akajaribu tena. Akavua koti, akaweka goti juu yake na kusukuma, akaunguza goti. Tailizi ilibaki palepale, imejaa kuliko tundu lake. Mjomba wa kuku naye akajaribu, akashindwa, akasema aliyatarajia hayo.

"Zilizobaki zimetanuka, zimeilia nafasi yake," Twesigye alisema. "Hazina pengine pa kwenda. Sasa subirini."

Akachukua tindo na nyundo, akapiga magoti, akaanza kuing'oa simenti nyeupe aliyoisifia mwezi wa nne. Ilikuwa ngumu, alikuwa ameijaza vizuri, hasara yake. Ukoo ulimwangalia kama unaangalia ng'ombe anazaa, kwa heshima na ushauri mwingi. Alipotoa kipande cha mwisho katikati, akazunguka na kitako cha msalaba. Ndani ya kaburi kitu kikafanya "tk", kidogo tu, kama mtu anayefungua kifungo.

Akaichukua tailizi, akaishusha. Ikaingia.

Deodatus, aliyekuwa anajipuliza goti, akaacha kupuliza.

"Byabato hakuwa mtu wa kubanwa," mama Costansia alisema, bila kumtazama yeyote. "Miaka arobaini na mbili nimelala nimegusa ukuta ili apate pa kujinyoosha. Nyinyi mmembana miezi mitatu tu, angalieni."

Nuwamanya akafunua karatasi.

"Na kama atagonga tena?" Deodatus aliuliza.

"Tutasubiri," alisema Nuwamanya. "Jua lipo."

Wakasubiri. Watu wazima ishirini na moja walikaa kwenye viti vya plastiki, wamezunguka kaburi, mikono mapajani, wakilisikiliza. Saa saba na dakika kumi ikapita. Saa saba na nusu ikapita. Nzi alitua juu ya msalaba na wote wakamgeukia. Saa nane na robo ng'ombe alilia zizini, mjomba akanyanyuka, akakaa. Twesigye alikuwa ndiye anayetokwa jasho kuliko wote. Alikuwa anaijua fizikia ya kidato cha pili, lakini alikuwa anajijua na yeye mwenyewe.

Saa nane na nusu Nuwamanya alikohoa.

"Tulikuwa tumefika," alisema, akasoma: "Kibanja cha juu ya barabara, chenye migomba na kahawa, apewe binti yangu Kobugabe..."

Ukoo wote ukalitazama kaburi. Kobugabe peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama msomaji.

"...kwa sababu," Nuwamanya aliendelea, na safari hii akaisoma sababu yote mpaka mwisho, mistari tisa, na ule uliohusu kumgeuza mzee kitandani kila alfajiri akausoma mara mbili kwa vile mwandiko ulikuwa mbaya. Kisha ukoo ukaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Jioni Twesigye alikuwa anamalizia kujaza silikoni kwenye mwanya, Deodatus akaja akasimama juu yake. Suruali yake ilikuwa na alama nyeusi gotini.

"Fundi. Sakafu kubwa, tuseme kama ya kanisa. Ingehitaji mianya mingapi?"

Twesigye akamweleza. Mmoja kila baada ya hatua sita saba, akapima kwa mguu. Mmoja kuzunguka kila nguzo. Na pembeni yote, tailizi isiguse ukuta. Deodatus akatoa daftari mfuko wa shati, akaandika kila kitu kwa herufi kubwa, akauliza silikoni inaandikwaje, akaandika na hiyo.

"Safi sana," alisema akifunga daftari. "Nitampa yule kijana wa Kayanga."

"Msalimie."

Twesigye alipakia vyombo vyake, akatembea kuelekea barabarani kusubiri bodaboda. Kule juu ya barabara, katikati ya migomba, Kobugabe alikuwa ameshafika na panga, anakata majani makavu kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika mkungu aliomkatia fundi.

"Fundi!" aliita. "Njoo uchukue ndizi zako. Halafu unipimie hapa, nataka kujenga jiko. Sakafu utaniwekea wewe."

"Tailizi?"

"Tailizi. Nyeupe," alisema Kobugabe. "Na mwanya wake."

Twesigye akavuka barabara.