Hewa ya Jumatatu

Mtaani walisema Mama Chupa ana uwezo wa kubana pumzi tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana kiive. Walitia chumvi tu. Alibana kwa sekunde arobaini, mara moja kwa wiki, juu ya paa la kituo cha kupima hewa. Ila alikuwa amefanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, na ukizijumlisha sekunde zote hizo, basi mtaa haukukosea sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alikuwa na chupa za kioo, kila moja kubwa kama papai, zilizonyonywa hewa yote kwa pampu mpaka ndani hakuna kitu kabisa. Kila Jumatatu, kati ya saa tatu na saa sita, upepo ukitoka milimani na si mjini, alipanda nayo moja paani. Alibana pumzi, akatembea hatua kumi akiukabili upepo, akainua chupa juu ya kichwa na kufungua koki. Fyuuu! Hewa ikajitupa ndani. Akafunga, ndipo akapumua. Alibana kwa sababu kilichopimwa ni hewa ukaa, na pumzi ya binadamu imejaa hiyo hiyo.

Jumatatu moja alikuja mkaguzi kutoka mfuko wa fedha za utafiti. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na fomu mkononi. Akaketi ofisini na kukohoa kidogo.

"Mama, hapa tumeuliza: mmegundua nini kipya? Nawe umejibu, 'Hakuna.'"

"Ndiyo, baba. Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Tunapima kile kile, vile vile, pale pale. Tukianza kuleta mapya tutakuwa tumeharibu."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye fundi wa mashine ya kupimia, alishika kichwa. "Jamani shemeji! Hata uongo mdogo wa kuombea maji? Ungeandika tumegundua upepo una miguu!"

Mkaguzi hakucheka. "Kamati inakaa leo saa nane. Maombi ni sitini, fedha zinatosha kumi na mawili. Mkikosa, kituo kinafungwa mwisho wa mwezi. Mimi nitawaambia nini?"

Mama Chupa alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. "Kwanza twende paani, baba. Jumatatu haitungoji."

Wakapanda. Akamwomba mkaguzi abaki mlangoni. Lakini mtu aliyezoea kukagua habaki mlangoni. Mama Chupa alipofungua koki, uso umemvimba na macho yamemtoka, alisikia sauti karibu kabisa na sikio lake:

"Ni hiyo tu?"

Alifunga koki. Akashuka ngazi na chupa yake, akampa shemeji, naye akaiunganisha na mashine. Kalamu ya mashine, ambayo kwa kawaida husogea taratibu kama kinyonga, iliruka juu, ikagonga ukingo, ikabaki inatetemeka pale kama mbuzi aliyeona chui.

"Hongera, mheshimiwa," shemeji alisema. "Umo ndani ya chupa."

"Mimi? Nimesema maneno matatu tu!"

"La nne lingetuvunjia mashine."

Mkaguzi akaitazama ile kalamu, kisha akajishika mdomo kama mtu aliyegundua kwamba anavuja. "Pumzi yangu inaonekana hivi?"

"Kila kitu kinaonekana," Mama Chupa alisema. "Shemeji, lete gombo."

Gombo lilikuwa karatasi iliyogundishwa kipande kwa kipande, nukta moja ya penseli kwa kila Jumatatu, sentimita mbili kwa wiki. Shemeji aliliweka sakafuni na kulisukuma kwa mguu. Likajikunjua mpaka mwisho wa ukumbi, likakata kona, likapita mlango wa nyuma, likashuka ngazi tatu na kutokea uani, karibu na gari la mkaguzi. Mkaguzi alivua viatu. Hakuna aliyemwambia avue.

Alianza kutembea kando ya mstari. Ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, laini kama kifua cha mtoto aliyelala.

"Mama, haya mawimbi ni nini?"

"Misitu, baba. Ya nchi ambazo mimi na wewe hatutafika. Majani yakichipua yanavuta hewa ukaa, mstari unashuka. Yakipukutika na kuoza yanaiachia, mstari unapanda. Kila wimbi ni mwaka mmoja."

"Yaani hii ni..." Akasita. "Hii ni dunia inapumua?"

"Hiyo hiyo. Sisi tunashika mkono wake tu, kama nesi."

Mkaguzi akaendelea kutembea, polepole sasa, kama anaogopa kumwamsha mtu. Alipofika kwenye kona aligundua jambo jingine. Karatasi ilikuwa imeongezwa upana. Kipande kingine kilikuwa kimebandikwa juu, na mbele zaidi, karibu na ngazi, kingine tena.

"Hapa mlikosea vipimo?"

"Hapana. Mstari ulitaka kutoka nje ya karatasi. Kila wimbi linarudi chini, lakini halirudi pale lilipoanzia. Tukabandika juu. Ukapanda tena, tukabandika tena."

Uani, jua lilikuwa kali na karatasi ilimeremeta. Mkaguzi aligeuka kutazama alikotoka: kule ndani mstari ulikuwa umelala chini kabisa ya karatasi, na hapa ulikuwa umepanda mpaka kipande cha juu kabisa. Kisha akainama. "Hapa imerukwa nukta."

"Harusi ya shemeji," Mama Chupa alisema. "Wote wawili tulikwenda, daraja likakatika, tukarudi Jumatano."

"Mpaka leo ndugu zangu wa kazini wanamwita mke wangu Pengo," shemeji akasema.

"Na haliwezi kuzibwa?"

"Kwa fedha gani, baba? Hewa ya Jumatatu ile haiko tena popote."

Mkaguzi aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Na leo je? Leo nimeharibu mimi!"

Kulikuwa na chupa moja tu iliyobaki ikiwa imeshanyonywa hewa. Mama Chupa na mkaguzi wakapanda nayo, lakini upepo ulikuwa umegeuka na kuleta harufu ya moshi wa magari ya mjini. Wakangoja. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro robo. Mkaguzi alisimama nyuma yake kabisa, viganja mdomoni, akiikodolea macho bendera ndogo ya kupimia upepo. Dakika saba kabla ya saa sita bendera ilijinyoosha kutoka milimani, na Mama Chupa akaanza zile hatua kumi.

Saa nane mkaguzi alipiga simu kwa kamati, sauti ikiwa wazi wote wasikie.

"Haya," alisema mwenyekiti, mama mmoja mwenye haraka. "Kuna nini kipya huko?"

"Hakuna, mwenyekiti. Naomba nisome."

Akasoma namba moja kwa kila mwaka. "Mia tatu hamsini na nane. Mia tatu sitini." Kwenye mwaka wa sita mtu alilalamika kuhusu muda. Kwenye mwaka wa kumi na tano vijiko viliacha kugonga vikombe. Mkaguzi alisoma kwa sauti ya chini, na kadiri namba zilivyopanda ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka, mpaka Mama Chupa mwenyewe, aliyezijua zote, akahisi nywele zinamsimama.

"Mia nne ishirini na tano," mkaguzi alimaliza. "Hii ni ya leo. Nilikuwepo."

"Na inayofuata?" mwenyekiti akauliza.

"Inayofuata ni ya Jumatatu ijayo. Bado haijafika."

Minong'ono ikasikika, kiti kikaburutwa. "Fedha za miaka kumi waliyoomba hatuna," mwenyekiti alisema mwishowe. "Wape miaka mitatu."

Shemeji alirusha kofia yake juu. Mama Chupa alikuwa akihesabu kwa midomo: Jumatatu mia moja hamsini na sita. Akachukua chupa tupu rafuni, akaiunganisha na pampu na kubonyeza swichi, maana kuinyonya hewa yote huchukua karibu siku nzima.