Masika Kumi na Matatu

Chokaa haitoki kwa sabuni. Shaame alilijua hilo tangu ujana wake, ndiyo maana asubuhi ile alikaa uani juu ya kigoda, mafuta ya nazi kiganjani, akiyasugua ndani ya nyufa za vidole vyake, kidole baada ya kidole, kwa upole wa mtu anayemkanda mgonjwa. Kanzu yake ya Idi ilitundikwa mlangoni ikimngoja.

"Unakwenda kuposa?" mkewe, Kazija, alimtania kutoka jikoni.

"Nakwenda kuhojiwa."

"Basi sugua na ulimi. Hapo ndipo penye kazi."

Watoto sabini na wawili walifanya mtihani wa kuingia skuli ya kamati kule Vuga, skuli ya kulipia yenye nafasi ishirini na nne tu. Watatu wa mwanzo husamehewa ada, na binti yao Mwatum alitoka wa tatu. Lakini skuli ile haikuwa ikimpima mtoto peke yake. Baada ya mtihani wa watoto huja mtihani wa wazazi: baba aitwe afisini, aulizwe kazi yake, asili yake na umri wa mwanawe. Huko ndiko walikoanguka wengi ambao watoto wao walikwisha kupita. Na sharti la umri lilikuwa kali. Hachukuliwi mtoto atakayekuwa ametimiza miaka kumi na minne ifikapo mwezi mosi Januari, 1957.

"Sema kumi na mitatu," Kazija alisema, sasa bila ya utani. "Bi Biasha wa nyumba ya pili, mwanawe ana ndevu, na kaandikwa kumi na miwili."

"Mwatum katimiza kumi na minne mwezi wa Mfungo Sita huu uliopita, siku tatu baada ya Maulidi. Nimeandika kwa mkono wangu kwenye jalada la msahafu. Nikirudi nitaufunua kwa uso gani?"

Kazija aligeukia chungu chake. Miaka kumi na sita alikuwa akiishi na mtu huyu na hajawahi kumsikia akipunguza wala kuongeza. Mteja akimuuliza kama ukuta utakauka kesho, naye anajua utakauka keshokutwa, atasema keshokutwa, na kazi atapewa mwengine aliyesema kesho. Wapo waliouita uaminifu huo ujinga. Kazija mwenyewe, siku ambazo unga ulikuwa chini ya mtungi, aliwahi kuuita hivyo.

Afisini alimkuta karani Shamsi, kijana wa tai nyembamba, ameinamia karatasi zake.

"Fundi, ngazi iko uani," karani alisema bila ya kuinua macho.

"Leo sikuja kupaka. Nimekuja kwa ajili ya Mwatum binti Shaame."

Kila Disemba, kwa miaka kumi na mmoja, Shaame alizipaka chokaa kuta zile. Aliujua ukuta uliokuwa nyuma ya kiti cha karani, wapi unakula unyevu, wapi ufa umefichwa. Siku zote hizo hakuwahi kukaa humo ndani. Leo kulikuwa na kiti, naye alikalia ncha yake tu, kama kwamba kilikuwa kimepakwa rangi karibuni.

"Kazi?"

"Fundi chokaa."

"Kabila?"

"Mtumbatu."

Karani alikohoa, akaandika neno la kwake, refu kuliko hilo, bila ya kumsomea. "Unajua kusoma na kuandika?"

"Najua."

"Hati za Kizungu?"

"Hati zetu. Za Kiarabu."

Kalamu ikaandika neno moja fupi. Shaame hakuweza kulisoma, lakini ufupi wake ulitosha kumwambia. Kisiwa kizima kilijaa watu walioandikiana barua, wasia na nikaha kwa hati hizo kabla babu wa karani huyu hajazaliwa, na katika madaftari ya wakubwa wote walihesabiwa kuwa hawajui kusoma. Ndivyo mtu anavyofanywa mjinga: kwa wino, mchana kweupe, naye amekaa mbele yako anatazama.

"Umri wa mtoto?"

Shaame aliona mafuta ya nazi yaking'ara juu ya magoti yake, pale mikono yake ilipolala.

"Kumi na minne."

"Ushatimia?"

"Ushatimia. Mfungo Sita."

Hapo ndipo karani alipoinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama mtu huyu kwa namna ya huruma iliyokuwa karibu sana na kicheko. Akapiga mstari.

Jumamosi majina yalibandikwa kwenye ubao, nje ya lango. Baba na binti walikwenda pamoja, yeye Mwatum ndani ya buibui lililokuwa refu kidogo, maana alilirithi kwa mamake. Jina lake lilikuwepo. Lilikuwa la tatu, limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni maneno mawili ambayo msichana aliyasoma kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti, kwa sababu baba yake alikuwa akingoja.

"Umri umepita."

Walirudi nyumbani Kikwajuni kwa miguu. Mwatum hakulia. Walipofika kwenye jengo moja la ghorofa, akasema, "Baba, hili si ulilipaka wewe?"

"Nililipaka."

"Mpaka leo linang'aa."

Shaame aliliangalia jengo, kisha akatangulia. Angepigwa kofi na mtu mzima barabarani lisingemuuma kama upole huo. Mtoto kanyang'anywa, na bado ndiye anayemliwaza mwenye kumnyang'anya. Kwani nani aliyemkata? Wino ulikuwa wa karani, lakini neno lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Alasiri hiyo mvua ya vuli ilipiga juu ya makuti, na Kazija akapata pa kutolea yaliyomjaa.

"Umri umepita! Amekuwa samaki huyu, aoze? Juzi tu nilimzaa chumba hikihiki. Masika yameanza siku ileile, paa linavuja, mkunga kajifunika ungo kichwani. Chokaa uliyopaka kwa ajili ya Maulidi inachuruzika ukutani kama maziwa, na wewe umesimama unaisikitikia chokaa, mimi hunitazami!"

"Nilikutazama," Shaame alisema kwa sauti ndogo.

"Uliitazama chokaa."

Mwatum, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua kichwa. "Masika, mama? Una hakika?"

"Nilizaa mimi au umezaa wewe?"

"Lakini Maulidi ya mwaka huu yalikuwa wakati wa vuli. Tuliyasoma, na siku ya tatu mvua hizi ndogo zikaanza."

Wakatazamana wote watatu. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu kisiwani alilijua bila ya kulifikiri: kwamba Ramadhani huhama, kwamba Idi ya utotoni ilikuwa ya kaskazi na ya uzeeni ikawa ya kipupwe. Kila mwaka miezi ya dini husogea kidogo. Hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuuliza inasogea kwa kiasi gani.

Msichana alisimama, akaokota kaa moja lililozimika mekoni, akauendea ukuta.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Kuta zake zilikuwa za udongo na paa la makuti, lakini hakukuwa na nyumba nyeupe kuliko hiyo Kikwajuni nzima, kwa sababu kila Disemba masazo ya chokaa ya skuli yaliishia hapo, yakitiwa na nili kidogo. Asiyeuheshimu ukuta ule aliijua bakora. Shaame alifungua kinywa. Kaa likagusa weupe. Akakifunga.

"Mwaka wetu una siku mia tatu na hamsini na nne," Mwatum alisema huku akiandika. "Wao wenye Januari wana mia tatu na sitini na tano. Kila mwaka sisi tunawapita kwa siku kumi na moja. Mara kumi na nne..." Kaa lilikwaruza. "Mia na hamsini na nne. Miezi mitano, baba. Kwa hesabu yetu nshatimiza kumi na minne. Kwa hesabu yao bado miezi mitano tangu ile siku. Nitatimiza Machi."

"Masika yakianza," Kazija alinong'ona. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja kila mwaka kwa mvua yake: mwaka wa mchele wa kadi wakati wa vita, pale kadi za wengine zilipokuwa na mchele na zao zina mahindi, mwaka paa la msikiti lilipoondoka, mwaka wa mgomo wa bandarini. Vidole vikaisha, akaanza tena. "Kumi na matatu. Ukiacha yale aliyozaliwa nayo, ameona masika kumi na matatu tu."

Kisha akamgeukia mumewe. "Si nilikwambia useme kumi na mitatu?"

"Ulinambia niseme uongo."

"Nilikwambia kweli, ila sikujua."

Wakacheka, na katikati ya kicheko Shaame akaacha. Kwa sababu sasa ilibidi kurudi. Yeye, ambaye neno lake halikuwahi kurudi, asimame mbele ya tai ile aseme mtoto wake amepungua mwaka. Watasema nini? Watasema maskini hawa hukata umri wa watoto wao kama mshoni anavyokata pindo. Usiku kucha na siku nzima ya Jumapili alilibeba hilo kifuani. Aliona kwamba uaminifu aliojivunia ulikuwa pia na uvivu ndani yake: alisema kweli yake akairidhia, asiulize kama waliomsikiliza walikuwa wakihesabu kwa kipimo hichohicho. Na wao hawakuuliza pia. Lakini wao hawakupoteza kitu.

Jumatatu alitawadha, akaufunga msahafu kwa kanga mpya ya Kazija, akaenda. Mikono safari hii hakuipaka mafuta.

Shamsi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea kiti. "Ijumaa kumi na minne, leo kumi na mitatu. Mtoto wako anakua kinyumenyume, fundi? Tukingoja mwezi atarudi kunyonya."

"Cheka ukimaliza unambie," Shaame alisema. "Mimi nipo."

Na kweli alikuwepo. Alikaa kwenye kile kiti, mgongo wote, mpaka mwalimu mkuu, Maalim Mabrouk, mzee mwembamba mwenye miwani, akatoka chumbani mwake kuuliza kuna nini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

Shaame aliifungua kanga. Mzee aliona ni msahafu, akarudi nyuma, akaomba maji. Alipokwisha kutawadha akaupokea kwa mikono miwili, akafunua jalada, akasoma kwa sauti: "Amezaliwa mwanetu Mwatum, Jumatatu, mwezi kumi na tano Mfungo Sita, mwaka elfu moja mia tatu na sitini na mbili. Mvua kubwa. Mungu amkuze." Kidole chake kilifuata mikunjo ya herufi bila ya kuzigusa.

"Hati nzuri hii. Ya nani?"

"Yangu."

"Shamsi, nipe fomu." Maalim aliisoma, akavua miwani. "Hapa imeandikwa baba hajui kusoma wala kuandika."

"Fomu aliijaza karani," Shaame alisema.

Shamsi alianza kuzipanga upya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Maalim alichukua kalamu, akazidisha na kutoa pembeni mwa fomu ileile. Alipomaliza alibaki akiitazama hesabu. "Babangu naye aliniandika kwenye jalada," alisema taratibu, kama anayesema peke yake. "Siku niliyoandikishwa skuli nilikwenda na nyanya yangu, akataja miaka aliyoijua yeye. Hakuna aliyefunua jalada kuhakikisha." Akaurudisha msahafu. "Kamati inakaa Alhamisi. Sikuahidi, Bwana Shaame. Lakini nitaipeleka mimi mwenyewe."

Alhamisi ilipita, na nyengine. Disemba ikaingia, skuli ikafungwa, na Shaame akapanda ngazi kama kila mwaka. Alikuwa juu, ukuta wa barazani, brashi mkononi, aliposikia sauti chini.

"Fundi." Kisha, "Bwana Shaame."

"Naam."

Shamsi alikuwa ameinua bahasha. Hakutabasamu, aliishikilia tu juu mpaka mtu wa ngazini akashuka, akapangusa vidole kwenye shuka, akaipokea.

Hakumpa mtu njiani aisome. Mwatum ndiye aliyeifungua, uani, mama yake amemshika bega. Amepata nafasi. Ada amesamehewa. Kwa muhula mmoja, kwa majaribio.

"Majaribio!" Shaame alifoka. "Wa tatu katika sabini na wawili! Hao wenye ndevu mbona hawajaribiwi?"

"Nshazoea mitihani, baba," msichana alisema, akaikunja barua kwa makini, ikawa ndogo, ikaingia kiganjani.

Siku ya mwisho wa mwaka masazo ya chokaa yalifika nyumbani katika debe, yakatiwa nili. Shaame alianzia mlangoni, akazunguka chumba, mkono ukipanda na kushuka bila ya haraka, na nyuma yake nyumba ikawa inapata mwanga. Alipofika karibu na meko alisimama. Namba zilikuwa bado hapo, nyeusi, zimeinama kidogo upande wa kulia kama mtu anayetembea kwa haraka. Alipaka juu yake. Alipaka chini yake. Alipaka pembeni, kwa ncha ya brashi, kwa uangalifu wa anayepaka karibu na kioo. Kisha akaiweka brashi chini.

"Na hapo?" Kazija aliuliza.

"Chokaa imekwisha."

Kazija alilitazama debe, lililokuwa nusu. Akamtazama mumewe. Akachukua kawa, akalifunika debe, akaenda kuteleka chai.