Posa Kutoka Kwenye Kiatu cha Idi

Usiku wa jana niliota uwatu wangu umegoma kunyweka. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, hapa hapa Tanga, mchana kweupe, kikombe cha maziwa ya moto mkononi. Uwatu ukajikusanya juu ya maziwa, ukasimama, ukasema, "Leo sishuki."

Sikushangaa. Ndotoni hushangai mambo ya maana.

Niseme ukweli kabla sijaendelea. Mwezi wa saba huu, mimi na mume wangu tunalala kitanda kimoja kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati. Hamu imenitoka. Naona na yeye imemtoka, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Nikaenda kwa Bi Rukia, muuza dawa za miti shamba, akanipa uwatu, kungumanga na asali, pamoja na mwiko mmoja: nisimwambie mtu, hata mume wangu, maana dawa ikisemwa inapoa. Mimi ni mkaidi kwa mengi, ila mwiko huo niliushika barabara. Dawa nikaificha kwenye kopo la biskuti, chini ya nyuzi za kushonea.

Sasa nataka kuuliza uwatu kwa nini haushuki, lakini mdomo wangu una zipu. Zipu nyeusi ya suruali, inchi sita, ile niliyoitupa wiki iliyopita kwa sababu inakwama. Nikajua huo ndio mwiko wa Bi Rukia.

Nageuka. Pembeni ya kitanda amekaa bwana mfupi, miguu haifiki sakafuni.

"Mimi ni Nusu Saa," anajitambulisha. "Umeambiwa unywe dawa nusu saa kabla ya kulala, sivyo? Basi tangu siku hiyo nakaa hapa kila siku nikingoja. Wewe unageukia ukutani, yeye anageukia dirishani, mimi naondoka zangu. Hii kazi gani?"

"Afadhali wewe," anasema kungumanga kutoka kwenye kopo. "Mimi kwetu ni kwenye maandazi. Nimeletwa huku bila kuulizwa."

Ikapigwa hodi. Nilipoinuka, cherehani haikuwepo tena. Tulikuwa sebuleni kwa marehemu baba yangu, Pangani. Mkeka umetandikwa, na nyuma ya pazia shangazi zangu wananong'ona, sauti tupu bila miili. Akaingia mzizi. Mzizi mkavu, wa kahawia, urefu wa kidole, amevaa kofia ya viua, ameshika barua iliyofungwa kwenye leso nyeupe.

"Asalaam aleikum. Naitwa Mkuyati, dawa ya nguvu za wanaume. Nimetumwa kuposa, kwa niaba ya Bwana Shekue."

Shekue ni mume wangu. Nikamwonyesha pete, kisha nikamhesabia kwa vidole: miaka ishirini na miwili.

"Tunajua," akasema Mkuyati. "Ila ile posa ya kwanza imekwisha muda wake. Mimi naishi kwenye kiatu chake cha Idi, cha kushoto. Hunitafuna uani, jicho mlangoni, na kabla ya kunitafuna hunieleza yote. Anadhani umemchoka. Anaogopa kukuuliza, usije ukamjibu."

Nje jua linachomoza kwa mara ya tatu, kwa kuwa Mkuyati ni wa kutwa mara tatu, na hakuna anayelalamika isipokuwa jogoo.

Moyo uliniuma sana. Muda wote nilidhani mgonjwa ni mimi peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na maficho yake.

Mkuyati akafungua leso. "Mahari unataka nini?"

"Kitanda cha mninga!" akadakia shangazi mmoja nyuma ya pazia.

Jibu ninalo, lakini liko nyuma ya zipu.

"Ukisema, mwiko umevunjika," uwatu ukanionya kutoka kwenye kikombe. "Tutapoa sote, na Bi Rukia harudishi kitu."

"Mwache aseme," akasema Mkuyati. "Mimi kiatuni nimechoka. Umewahi kuvinusa viatu vya Shekue?"

Nikaishika zipu. Ikakwama, nilijua tu. Nikaipaka kipande cha mshumaa, ndivyo tufanyavyo mafundi, ikateleza.

"Nataka aniite jina langu," nikasema. "Tangu azaliwe Zamda, mimi ni Mama Zamda. Zamda mwenyewe ameshaolewa, yuko Korogwe, na mimi bado ni mama yake mpaka kitandani! Nani atamtamani mama wa mtu? Na mimi pia nina kosa, namwita Baba Zamda, nitajirekebisha. Aniite Mwanakheri. Akishaniita, tutazungumza. Hiyo ndiyo mahari yangu, na sipunguzi."

Shangazi wakapiga vigelegele, isipokuwa yule aliyetaka kitanda.

Mkuyati akaomba ishara ya kupeleka. Nikakata uzi mwekundu, nikamfunga kiunoni kwa fundo la mizunguko mitatu alilonifundisha mama, ambalo sijamfundisha mtu.

"Umenibana," akasema. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu, na jikoni nikasikia kifuniko cha birika. Nikajiambia, ndoto ni ndoto tu. Halafu nikapiga magoti mbele ya kabati, nikatoa kiatu cha Idi, cha kushoto.

Ndani yake, kwenye kipande cha gazeti, kulikuwa na mzizi mkavu wa kahawia, urefu wa kidole. Katikati umefungwa uzi mwekundu, fundo la mizunguko mitatu.

Mlangoni kikombe kikagonga kisahani. Mume wangu amesimama na chai, anakitazama kiatu kilichoko mkononi mwangu, uso umemshuka. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Sikumharakisha. Nazijua zipu zinavyokwama.

"Mwanakheri," akasema.

"Abee, Shekue."