Mpaka Injini Ipoe

Fundi wa pikipiki anayeijua kazi yake hagusi tapeti, yaani harekebishi valvu, injini ikiwa ya moto. Umetoka safari, mtu anakwambia lete nikurekebishie hapohapo? Kimbia, huyo ni mchinjaji. Chuma cha moto kimetanuka, na ule mwanya mwembamba kati ya valvu na roka, mkono mdogo unaoisukuma, hausemi kweli mpaka kipoe. Kwa hiyo mteja anakaa, anasubiri. Na ndiyo sababu Fundi Tapeti, kama mtaa mzima ulivyomwita, aliipenda pikipiki kuukuu ya marehemu mkewe kuliko zote zilizowahi kuingia karakanani kwake. Aliyeiendesha sasa alikuwa binti yake, na binti hakuwa na sababu nyingine ya kukaa karibu na baba yake.

Tangu msiba wa mama, binti hakumwita tena baba. Alimwita fundi. "Fundi, zimeanza tena kugonga." "Fundi, naweza kukaa hapa?" Wala si kwa ukali, kwa adabu kabisa, kama mteja yeyote. Afadhali angemtukana.

Kisa chenyewe hakikuwa siri. Siku mkewe, aliyekuwa mkunga, alipozidiwa nyumbani, jirani alikimbia karakanani kumwita. Fundi alikuwa anakaza bolti za hedi, kichwa cha injini ya pikipiki ya mteja. Sasa hedi ukishaanza kuikaza huiachi njiani. Ukiiacha inakaa upande, gasketi inavuja, injini ya watu imekwisha. Akasema, "Nakuja, namalizia hedi." Akaimalizia, tena vizuri sana. Alipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Binti akairithi pikipiki, akawa anapeleka dawa kwenye zahanati za mbali. Nayo, kwa uzee wake, haikushika marekebisho ya tapeti. Wiki chache tu, ka-ka-ka-ka, imeanza. Mzee aliisikia kabla haijafika kona. Hapo ataacha kila kitu, atafuta benchi kwa mkono wa shati, ataiegesha pikipiki kivulini, kisha atakaa upande mmoja wa benchi na binti upande wa pili, wakingoja ipoe. Mwanzoni walikaa kimya kama watu wasiojuana. Baadaye yakaanza maneno madogomadogo. Barabara imeharibika. Umekonda. Mganga wa zahanati ya mlimani kaoa tena. Siku moja Cheche, mchomeleaji wa jirani, alimwambia binti, "Huyu mzee akikwambia dakika mbili, nenda kaolewe kwanza, urudi umebeba mtoto." Binti akacheka, na kile kicheko kilikuwa cha mama yake mtupu. Mzee aliinama akajifanya anatafuta spana chini ya benchi, hakuinuka mpaka macho yalipokauka.

Basi ikaja siku binti alifika anaisukuma, tope mpaka magotini. Valvu ilikuwa imeungua, pikipiki ikamzimikia porini, giza likamkuta palepale peke yake. Walipita wanaume kwenye gari, wakapunguza mwendo, wakamzunguka, wakaondoka wakicheka. Hayo aliyasimulia kwa maneno makavu kabisa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Iache hapa."

Alitoa vya zamani vyote. Akaweka valvu za chuma kigumu, springi mpya, na roka za roli. Hizi kila moja ina kigurudumu nchani. Kinabingirika juu ya kemshafti, mhimili unaozisukuma roka, hakisugui chuma kwa chuma, kwa hiyo mwanya haupotei ovyo. Cheche alikuja kuchungulia, miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso.

"Ukishafunga hizi, itarudi lini hapa?"

"Si leo wala kesho. Labda kukagua, mwaka ukiisha."

"Na mwenye nayo?"

Mzee aliendelea kupangusa roka.

"Rafiki yangu, unakata tawi ulilokalia."

"Bora mimi nisimwone kuliko yeye asifike."

Alisema kweli, ila tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: moyoni alikuwa na lake. Mkono mtupu haulambwi, nao wake safari hii haukuwa mtupu. Alitarajia binti akiisikia injini ile atageuka na kumwita baba. Alilitarajia hilo neno kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho.

Binti alikuja, akaiwasha. Ilinguruma taratibu kama cherehani iliyotiwa mafuta. Akaisikiliza kwa muda, kichwa ameinamisha.

"Haigongi kabisa."

"Na haitagonga karibuni."

"Asante sana, fundi. Nimekushukuru kwa kweli. Basi sitakusumbua tena."

Akapanda, akaenda zake.

Hakuja mwezi ule, wala uliofuata. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba hata akipita, mzee hakujua. Cheche atamwambia, "Binti yako kapita asubuhi," naye alikuwa amekaa palepale na hakusikia kitu. Akaligeuza benchi litazame barabarani. Kazi zikaanza kumlalia mkononi. Wateja wakanung'unika kwamba mzee siku hizi anatazama njia kuliko injini. Kwani walikuwa wanaona uongo?

Jioni moja alishindwa. Akatia spana mfukoni, akavuka mji kwa miguu mpaka alipopanga binti yake. Alimkuta ndiyo kwanza anashuka, pikipiki inafuka joto.

"Nimepita kukagua tapeti," mzee alisema.

"Zina tatizo?"

"Kukagua tu."

Binti alimtazama, akasema haya, akaingia ndani kunawa.

Mzee hakungoja ipoe. Alifungua vifuniko ikiwa ya moto vilevile, vidole vikaungua, akavumilia. Ndani kila kitu kilikuwa safi, hakuna kilicholika hata chembe. Akatia spana kwenye nati. Robo ya mzunguko ingetosha. Wiki haiishi, ingeanza kugonga, na binti angerudi kwenye benchi. Spana ilikaa pale. Halafu akaliona tope kwenye magurudumu, lile jekundu la barabara ya porini, bado bichi. Akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aliitoa spana, akarudisha vifuniko, akavikaza.

Alipoinua macho, binti alikuwa amesimama mlangoni.

"Ya moto hiyo," alisema. "Si ulinifundisha haiguswi?"

"Sikuja kwa tapeti. Nilitaka kuilegeza nati igonge, ili uwe unakuja." Akarudisha spana mfukoni. "Sikuilegeza. Mwanangu, nisamehe. Siku ile ningeiacha ile hedi nikaja."

Binti alikaa kwenye kizingiti. Akaifuta mikono yake yenye maji kwenye nguo.

"Jirani aliporudi akasema unamalizia hedi, nilitaka kukimbia nikuburute," alisema. "Mama akanizuia. Akasema, 'Mwacheni, msimwite tena. Akiiacha njiani ataharibu injini ya watu.' Akatabasamu kabisa. Hakukukasirikia. Nimekuficha hilo miaka yote kwa sababu sikutaka ulipate."

Mzee alijishika kwenye tangi la pikipiki.

"Halafu akaomba maji. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, jirani ameenda kutafuta gari. Nikatoka kwenda kuchota. Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Ungekuwepo, mmoja angechota maji, mwingine angemshika mkono. Ni hilo tu. Yeye alikusamehe palepale. Mimi nimejaribu, kila nikikaa kwenye lile benchi nimejaribu. Sijaweza."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesomewa hesabu na kukuta ni sahihi.

"Kwako ni mbali," binti alisema baadaye, akifuta macho kwa kiganja. "Panda nikupeleke."

Alipanda nyuma. Abiria wote hushika mabega ya dereva, na yeye mkono wake mmoja ulishainuka kabla hajalikumbuka lile 'sijaweza'. Akaushusha, akashika chuma cha mizigo kwa mikono miwili, vidole vilivyoungua vikimuuma, mpaka wakafika.