Kidole Gumba cha Anord

Jumatatu asubuhi, baridi ya Juni ikiwa imeteremka kutoka milima ya Matogoro na kukaa Mfaranyaki, Songea, kama mgeni asiyejua kuaga, Anord alifungua stesheneri ya Mama Theodosia, akafuta vumbi kwenye kompyuta, akaipiga ngumi herufi F. Bila ngumi F haiandiki, tangu Mama Theodosia alipoinyunyizia kibodi maji ya baraka ili kufukuza pepo.

Kibodi ya watu haikuwa na kosa. Anord ndiye aliyeweka kwenye simu yake programu ya kuongoza kompyuta kwa blututhi. Alikuwa akikaa karibu na mashine ya kopi, simu ameificha chini ya meza, anauhamisha mshale wakati Imaculata, mchapaji wa siku zile, anachapa.

"Jamani, mshale unatembea wenyewe!"

"Labda umeona kazi nyingi, dada, unatoroka."

Kisha ikaja kadi ya Mzee Leo na mkewe Kunegunda, jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa. Anord akafuta "ndoa" kwa kidole gumba, akaweka "mateso". Alitaka Imaculata aone, ashtuke, wacheke wote. Imaculata hakuona. Mzee Leo naye akagawa kadi jumuiya nzima bila kusoma, maana nani husoma kadi yake mwenyewe? Mama Kunegunda alisema kadi haina kosa, ila miaka imepunguzwa. Mama Theodosia hakucheka. Alisema mkono wa Imaculata umeingiliwa na pepo, akamrudisha kwao Madaba. Kiti akapewa Anord. Anord akasema asante, mama.

Tangu siku hiyo simu haikuishika tena kompyuta. Ilimshika Imaculata. Jina lake lilikaa pale lilipokuwa jina la kompyuta, na Anord akisogeza kidole kulia, Imaculata huko Madaba anaacha kupalilia, anakwenda kulia mpaka kwa jirani, anasalimia, anarudi kidole kikirudi. Majirani walizoea. "Anaongozwa kutoka mjini," walisema, kama wanavyosema fulani anasoma Mbeya. Simu ilipoisha chaji, alisimama katikati ya mahindi, jembe liko juu, mpaka umeme uliporudi Songea. Mama yake, Walburga, alipiga simu dukani kulalamika kwamba kazi za shamba zinachelewa. Anord ndiye aliyepokea, akampa pole. Tangu hapo haachi chaja nyumbani, na simu anaibeba kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

Jumatatu hiyo Imaculata aliingia dukani, kitenge kimejaa vumbi la safari ya kutoka Madaba.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba kazi yangu. Mkono umetulia."

"Marahaba. Hebu uweke hapa tuuone."

Imaculata akauweka juu ya meza. Ulitulia kweli. Anord akaitazama simu. Chini ya jina la Imaculata palikuwa na maandishi aliyokwisha kuyakariri: *Ili kumwachia, mtajie jina lako.* Kidole gumba kikaanza kutetemeka juu ya kioo. Mkono wa Imaculata ukatetemeka mezani, hivyo hivyo, mpaka stepla ikaanguka.

"Bado, mwanangu," alisema Mama Theodosia kwa upole, akaiokota.

Imaculata akajifunga kitenge upya, akageuka.

"Ima," Anord aliita.

"Abee?"

Anord akayasoma tena yale maandishi.

"Angalia mtaro hapo mlangoni."

Akamvusha mwenyewe, polepole, kidole hakigusi kioo kwa nguvu. Imaculata alipofika ng'ambo aligeuka akitabasamu.

"Anayeniongoza leo ana huruma. Kaka Anord, wewe unajuana na watu wengi hapa mjini. Ukimpata, mwambie nashukuru."

"Nitamwambia."

Alimsindikiza kwa kidole mpaka stendi, akamkalisha ndani ya basi, dirishani, upande usio na jua. Mteja aliyefuata alitaka kadi ya kipaimara. Anord akavuta kiti, akaipiga ngumi F, akaanza: *Familia ya*.