Gauni la Edith

Gauni lile nililishona mimi, kwa kipimo cha mwili wangu, na siku Njogu aliponiletea nilipunguze kiuno inchi tano nilitamani kumtupia usoni pamoja na mkasi.

"Soipan ni mwembamba," akasema, kana kwamba ananipa habari mpya. "Ata wewe unamwona."

Nilikuwa ninamwona. Kitengela nzima ilikuwa inamwona.

Njogu ndiye mwandishi na mwelekezi wa kikundi chetu cha maigizo. Mimi ni Waithera, ingawa wananiita Mama Melvin, na duka langu la mapazia liko nyuma ya soko. Kwa miaka sita nilikuwa Edith. Edith ni mwigizaji Mwingereza ambaye Njogu alimtunga kichwani mwake: msichana anayeuza maua nje ya jumba la maigizo huko London, mwaka wa elfu moja mia tisa na tatu. Siku moja mwigizaji mkuu anaugua, na huyu muuza maua, ambaye amekuwa akisikiliza mlangoni kila siku, anayajua maneno yote. Anapandishwa jukwaani. Anapendwa, anaolewa, anasafiri kwa meli, anavaa glavu za hariri. Kisha vita vinakuja na kumla mumewe, na siku barua ya kifo chake inapofika yeye anapanda jukwaani hivyo hivyo. Anasimama gizani, anavua glavu kidole kwa kidole, halafu anasema: "Washeni taa. Miaka yote mmenitazama mimi. Leo nataka niwatazame ninyi."

Maneno hayo nimeyasema katika shule zote za barabara ya Namanga. Pale Isinya wasichana wa bweni walilia mpaka mwalimu wao akaanza kulia pia. Sasa naambiwa nimpe Soipan, mtoto wa miaka ishirini na tatu, tena mtoto niliyemfundisha mwenyewe namna ya kusimama.

"Edith akianza ako na miaka kumi na saba," Njogu akaniambia, bila kunitazama. "Ukitokea na kile kikapu ukiruka ruka, watoto wanacheka. Usikasirike, Mama Melvin. Utakaa nyuma ya pazia na skripti. Mtu akisahau, unamnong'onezea. Hakuna mwingine anaijua yote."

"Na Soipan akishindwa?"

"Tunajaribu Kajiado. Akishindwa Kajiado, nitarudi kwako kwa magoti."

Hilo la magoti nililishika na kuliweka. Kajiado palikuwa na siku ya utamaduni, na mama mmoja kutoka Nairobi, Virginia, alikuwa anakuja kutafuta igizo moja la kuzungushwa kaunti kumi mwaka mzima. Atakayekuwa Edith siku ile ndiye angekuwa Edith wa mwaka. Mimi nina miaka hamsini na mmoja. Mwaka mwingine kama huo sitaupata.

Nikaweka gauni kwenye cherehani. Njogu alisema inchi tano. Nikapunguza sita.

Wivu ni kitu cha aibu na mimi sitaupaka rangi. Nilimwonea wivu shingo yake, nikamwonea wivu kwa vile alivyokuwa hahitaji kushika ukuta akiinuka kutoka chini. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa zile glavu. Kuvua kidole kwa kidole nilikubuni mimi, nikiwa jikoni kwangu na glavu za kuoshea vyombo. Siku ya kwanza ya mazoezi Soipan alipovua vile, polepole, akianzia kidole kidogo, Njogu alipiga paja lake akasema, "Huyu msichana amezaliwa na hii kitu!" Nikainamia skripti. Herufi zilikuwa zinacheza.

Yeye mwenyewe hakuwa na ubaya wowote, na hilo lilinikera mara mbili. Alipolivaa gauni alishusha pumzi nusu, akanishukuru. "Inanishika vizuri, mama. Ata nasimama wima."

"Edith alikuwa mtu wa kusimama wima," nikamjibu.

Jumamosi ile ya Kajiado tulifika saa nne asubuhi. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa, na Njogu alinituma niyafunike kwa mapazia yangu meusi ili mchana uwe giza. Niliyatundika vizuri. Kazi yangu siiharibu, hata nikiwa na moyo mbaya.

Bibi yake Soipan alikuwa amewasili kabla yetu. Walimwita Koko, kama Wamaasai wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye shuka jekundu na sweta ya kijani, na alikuwa amechukua kiti cha mbele kabisa, kilichowekewa karatasi ya mgeni wa heshima. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Hakuwa amewahi kuona igizo maishani mwake, kwa hivyo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watazamaji hunyamaza.

Soipan akatokea na kikapu chake. "Maua! Nani ataninunulia maua?"

"Lete hapa!" Koko akaita. "Ni pesa ngapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mimi ningemkazia macho mama huyo na kuendelea. Soipan alishuka ngazi, akampa ua moja, akapiga goti kidogo, akarudi jukwaani akaendelea na maneno yake bila kukosa hata moja. Niliuma mdomo. Hilo mimi nisingelifikiria, na kulijua hilo kuliniuma.

Ikaja zamu ya Brayo, anayeigiza mwenye nyumba anayemfukuza Edith. Alipoanza kufoka, Koko akasimama. "Wewe kijana! Mama yako ako wapi akuskie?" Brayo akasahau alichokuwa akisema. Nikamnong'onezea papo hapo, akaendelea. Niseme wazi: nilimsaidia kila mtu siku ile. Sauti yangu ilikuwa tayari, na karatasi ilikuwa mkononi.

Tukafika mwisho. Taa za jukwaa zikashushwa, ikabaki moja hafifu. Soipan akasimama katikati, barua mkononi, akavua glavu ya kulia, kidole kwa kidole. Akavua ya kushoto. Akavuta pumzi ili aseme, na gauni likamkatalia. Niliiona ile pumzi ikikwama pale pale kwenye mshono wangu. Mabega yakapanda, mdomo ukafunguka, hakuna kitu. Maneno yalikuwa yamemtoka.

Akageuza kichwa kidogo tu, upande wangu, akinipa sikio.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Washeni taa" yalikuwa mdomoni mwangu, yakiwa moto, kama yalivyokuwa kwa miaka sita. Nikafunga mdomo. Ng'ambo ya jukwaa Njogu alikuwa akinipungia mikono yote miwili, midomo yake ikisema, "Mwambie! Mwambie!" Nikaanza kufungua kurasa mbele na nyuma, kama mtu aliyepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nahesabu. Nilifika nane. Nikafika kumi na moja. Shindwa, nikasema moyoni. Shindwa tu, mtoto, nirudishiwe changu.

Machozi yakaanza kumtoka Soipan, na hayakuwa ya kuigiza. Kiti kikalia huko nyuma.

Halafu Koko akainuka. "Nyinyi watu mko namna gani?" akasema, kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Washeni taa! Mtoto haoni!"

Mtu mmoja akawasha tochi ya simu. Halafu wa pili, halafu safu nzima, mpaka nyuma. Soipan akajiona yuko kwenye mwanga. Akawatazama, uso kwa uso, machozi yakishuka, na maneno yakamrudia yote. "Miaka yote mmenitazama mimi," akasema kwa pumzi ndogo aliyokuwa nayo, karibu kwa kunong'ona. "Leo nataka niwatazame ninyi."

Walisimama wote. Nimeigiza miaka kumi na minane na sijawahi kusimamiwa na ukumbi mzima.

Soipan alikuja mbio nyuma ya pazia akanikumbatia, akiwa amelowa jasho na machozi. "Ulininyamazia makusudi, si ndio? Ulitaka nijitafutie. Ashe oleng, mama, asante sana." Nikampigapiga mgongoni. "Lakini hii gauni ilinibana ata nikakosa pumzi. Nafikiri nimenona."

"Umenona kidogo," nikasema.

Njogu hakunikumbatia. Alisimama akinitazama. "Karatasi ilikuwa mkononi mwako."

"Kurasa zilishikana."

Hapo ndipo Virginia alipoingia, macho mekundu, akauliza yule mama mzee wa kiti cha mbele ni mwigizaji wetu wa tangu lini, maana hajaona kitu kama kile.

Njogu hajawahi kuacha nafasi impite. "Ni wetu," akasema. "Na ule unyamavu pia tuliupanga."

"Basi nauchukua huo mchezo. Lakini vile vile ulivyo, usiguse kitu. Na huyo mama."

Alipoondoka, Njogu aligeuka. Koko alikuwa na ng'ombe wake na hakuwa na nia ya kuzunguka kaunti kumi na mtu yeyote. Njogu aliniangalia kuanzia nywele hadi viatu, taratibu, na nikajua anachopima kabla hajafungua mdomo. Safari hii hakukuwa na haja ya kupunguza inchi hata moja.

Sasa tuko kaunti ya saba. Naingia mapema, kabla ya watu, nikiwa na shuka jekundu na sweta ya kijani kama Koko, nakaa kiti cha mbele. Nauliza bei ya maua, namgombeza Brayo. Watu wanacheka, na hawajui kwamba mimi ni wa kikundi. Gauni nimelilegeza nusu inchi. Nusu nyingine sijairudisha.

Mwisho ukifika, Soipan anavua glavu zangu, anageuka, anasubiri. Maneno anayajua vizuri sasa. Anachosubiri ni mimi. Njogu aliniambia nihesabu mpaka kumi. Mimi huhesabu mpaka kumi na tano, na wiki jana nilifika ishirini na mbili, nikimtazama akitetemeka pale gizani, nikingoja siku atakayovunjika. Havunjiki. Kila nikimwongezea, analia vizuri zaidi, na Njogu ananisifu kwamba wakati wangu umekaa sawa.

Kisha nainuka, kwa sababu lazima. "Washeni taa! Mtoto haoni!" nasema, kwa ile sauti niliyowaliza nayo watoto wa Isinya. Tochi zinawaka ukumbi mzima, na wote walioketi kando yangu wanamtazama yeye.