Herufi Zilizotemewa Mate

Jumanne saa nne asubuhi, Akoru alimaliza herufi ya mwisho ya kibao alichoagizwa na Lokorio, mtu wa kijijini kwao, akakiegemeza ukutani kikauke. Kilisomeka CARE FOR LIFE, nyeupe juu ya buluu, na chini yake jina la mradi wa maji wa Namoruputh. Kando, juu ya stuli, refleta yake, kizibao cha kung'aa cha rangi ya chungwa, ilisubiri kuandikwa mgongoni TEAM LEADER. Akoru hakuwa ameuliza kisima chenyewe ni kipi. Hapa Lodwar, kibao hutangulia maji. Watu hupigwa picha pembeni yake, maji yatafuata au hayatafuata, na mchoraji hana sababu ya kuuliza.

Nekesa, aliyekaanga mandazi mlango wa pili na kujua habari za mtaa wa Kanamkemer kabla ya wenyewe, ndiye aliyemwona Amuria, mama yake Akoru, akishuka kwenye lori la mbuzi.

"Ejok, Mama! Kwema huko?"

"Kisima yangu imefungwa," Amuria akasema, akaketi chini. "Lokorio amezungusha waya. Ameweka kufuli."

Kisima hicho kilikuwa katikati ya laga, mto wa mchanga. Bibi yake Amuria alikichimba kwa mikono, mama yake akakiongeza kina, na Amuria mwenyewe aliacha kucha mbili humo. Kwao anayechimba ndiye mwenyewe. Wengine huomba, na hawanyimwi. Lokorio alilijua hilo vizuri, maana alikunywa hapo tangu alipokuwa akinyonya. Sasa lori la kuuza maji lilijaza tangi kila asubuhi na kuondoka, naye Amuria alitembea saa tatu kwenda kuteka kwingine na saa tatu kurudi.

Akoru alitazama kibao. "Mama, hii mimi ndiye nimeandika."

Amuria hakumkaripia. Aliomba mkebe wa rangi. Wazee wa kwao hubariki kwa mate. Mtu hutemewa usoni huku akiombewa mema. Amuria alitema mara mbili, moja kwenye mkebe, moja kwenye kibao, na hakuombea mtu chochote.

"Endelea na kazi yako," akamwambia binti yake.

Akoru akaandika TEAM LEADER kwa mkono uliotulia.

Kibao kilisimamishwa Alhamisi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, kilisomeka ACRE FOR FILE. Herufi zilikuwa zimehama taratibu, kama mbuzi wanaofuata kivuli, na hakuna iliyopotea. Picha ilimfikia Nekesa kwa simu.

"Ekari kwa faili," akawatafsiria wateja. "Jamani, sasa hapo mimi niongeze nini?"

Kila mtu alijua kwamba ekari kumi na mbili za kuzunguka kisima zilikuwa ndani ya faili ofisini, na kwamba jina lililokuwa juu ya faili ni la Lokorio. Mteja mmoja akauliza kama kuna mandazi ya moto.

Refleta ilichelewa siku mbili kubadilika. Lokorio alikuwa akielekeza lori lirudi nyuma, mgongo wake ukasomeka MEAT DEALER. Mwalimu wa chekechea aliwasomea wazee: mfanyabiashara wa nyama. Wazee walisikia nyama. Hilo la biashara walimwachia mwalimu.

Nyama iliyokwisha kutangazwa hainyimwi mtu huko, na mwenye kuinyima hazikwi na watu wengi. Jioni hiyo wazee saba waliingia bomani kwa Lokorio na vigoda vyao, wakaketi.

"Nakinai," akasema wa kwanza. Nipe, kwa lugha ya kwao.

Lokorio alicheka. "Wazee wangu, mimi ni kiongozi wa timu."

"Geuka."

Akageuka.

"Basi leta."

Alichinja mbuzi mmoja. Kesho yake walikuja kumi na tisa. Alivua refleta, maneno yakabaki kwenye shati. Alivua shati, yakabaki kwenye ngozi, meupe na makavu. Akapanda gari hadi Kakuma kwa Didace, fundi Mkongomani wa kuchapa nguo, akaagiza refleta mpya ya kufunika. Kabla hajafika mlangoni herufi zilikuwa zimekwisha kujipanga.

"Patron, miye niliandika vile ulisema," Didace akasema. "Ile maneno inajipangaka yenyewe. Bei ni ile ile."

Amuria alikuja kila siku. Aliketi upande wa wanawake, akala polepole akimtazama Lokorio machoni.

"Ongeza mafuta, mwanangu," alimwambia. "Usininyime. Mimi sikukunyima."

Jumamosi Akoru naye alikuja kutoka Lodwar. Nyama ya Lokorio ilikuwa tamu kuliko nyama yoyote aliyowahi kula, na hakuona aibu kuramba vidole. Alihesabu migongo ya mbuzi waliobaki. Wakiisha, alimwambia Nekesa aliporudi, Lokorio atakuja mwenyewe na ufunguo mkononi, akitambaa.

"Na mimi unipigie simu," Nekesa akasema. "Hiyo siwezi kuhadithiwa."

Afisa mmoja alifika kukagua mradi. Alisoma kibao, akasoma mgongo wa Lokorio, akaandika kwamba Kiingereza hakina kosa. Akapigwa picha, akabebeshwa paja, akaondoka.

Mwezi wa tatu wa kuchinja, mbuzi waliisha. Wa mwisho alikuwa jike mzee mwenye nyama ngumu. Wazee walitafuna mpaka mfupa, wakafuta visu, wakachukua vigoda vyao. Lokorio alikuwa amekonda. Mwenye kugawa hujikumbuka mwisho.

"Mmenimaliza," alisema. "Sasa nimebaki na kisima tu."

Akaenda langoni akaongeza kufuli la pili.

Amuria alimaliza fungu lake. Mafuta yalikuwa yameganda ulimini. Akamfuata mpaka kwenye waya, Akoru, aliyekuja tena siku hiyo, nyuma yake.

"Nakinai," akasema. "Maji. Kidogo ya kushushia."

Lokorio hakumkasirikia. Alimgeuzia mgongo ausome, ingawa alijua hajui kusoma.

"Hapo ni nyama, Mama. Maji hayajaandikwa."

Akoru alizisoma herufi moja moja, kushoto kwenda kulia. Lokorio alikuwa amesema kweli. Mama yake alikwisha kujitwika mtungi wa plastiki na kuanza zile saa tatu. Akoru akaokota wa pili, akamfuata.